Pipa Lisilojazwa

Clos Perrenet, Vaux-la-Côte
12 Oktoba 1961

Bwana Vuillemot,

Usishtuke kuuona mwandiko wangu. Anwani yako nimepewa na fundi wa mapipa anayekuja huku kutoka Beaune. Anasema umestaafu, umefiwa na mkeo, na kwamba wenye maghala bado wanakuita uwaonjee divai kabla hawajaiuza. Pole kwa msiba.

Tumemaliza kuvuna wiki iliyopita. Tulikuwa watu tisa. Zamani zako tulikuwa arobaini, na meza ilianzia jikoni ikaishia uani. Mistari ya juu, ile iliyopandwa na watawa, bado ipo. Ya mtelemkoni nimemkodisha Abel Grandclément, naye anaitunza vizuri kwa sababu anangoja nife aichukue yote.

Sasa neno langu. Mpwa wangu Lucien, mtoto wa marehemu kaka yangu, anafanya kazi benki huko Lyon, na nusu ya shamba ni yake. Anataka tuuze. Kwake yeye, mwanamke wa miaka hamsini na minane kubaki peke yake na hekta tano za mizabibu ni kichekesho. Tumebishana majira yote ya kiangazi, mwishowe tukakubaliana hivi: mwezi wa Februari tutafungua pipa la divai ya njano la mwaka 1955. Likiwa hai, ananiachia shamba mpaka nife. Likiwa limekufa, natia sahihi, Abel anachukua, nami nahamia Lyon kwenye chumba cha ghorofa ya nne nikatazame mabomba ya moshi.

Anatakiwa mwonjaji mmoja ambaye pande zote zitamwamini. Lucien hajui tofauti ya divai na siki. Abel ndiye mnunuzi, hafai. Nimekutaja wewe, na Lucien amekubali upesi, maana anavyojua yeye, wewe ndiye uliyeharibu pipa la 1927, kwa hiyo huwezi kutupendelea.

Sikuandikii kukusamehe. Sheria ya pipa la njano uliijua kama ninavyoijua mimi: miaka sita na miezi mitatu haliguswi, haliongezwi hata tone, linaachwa lipungue lenyewe ili utando uote juu na kuilinda divai. Wewe ukalijaza hadi kizibo, kama mnavyojaza mapipa ya kwenu Beaune kila wiki. Na lilikuwa pipa ambalo baba aliliweka kwa ajili ya ndoa yangu. Nasema tu kwamba ulimi wako ulikuwa mkweli, hata kama mikono yako ilinikosea.

Nijibu kabla ya Krismasi.

Odile Perrenet


Beaune, 30 Oktoba 1961

Bi Odile,

Barua yako niliisoma nimesimama, maana imekaa kama hati ya kuitwa mahakamani. Hata "u hali gani" hukunipa. Nikaisoma tena nimekaa, nikacheka, kwa sababu ni wewe mtupu. Hujabadilika hata kidogo, na sijui kama nikupongeze au nikuonee huruma.

Unanikumbusha meza ya uani. Mimi nakumbuka jogoo aliyepikwa kwa divai ya njano na uyoga, na mama yako akitupiga mikono kwa mwiko tukidokoa kabla ya sala. Namkumbuka mzee Théophile, baba yako, akipita kati ya mapipa na kuyagonga kwa kifundo cha kidole, huku ameinamisha kichwa kama daktari. Alinifundisha kusikiliza pipa. Huku Beaune hakuna aliyewahi kunifundisha hivyo. Nakumbuka pia msichana mmoja mwenye viatu vya mbao aliyekuwa akiniibia ncha ya mkate kila asubuhi, akidai ni ushuru wa nyumba.

Miaka minne na nusu niliyokaa kwenu ndiyo niliyoishi. Mingine nimeipitisha tu.

Kuhusu pipa, nilisema mbele ya watu wote wakati ule, na nasema tena: ni mimi. Nilikuwa nachota kwa jagi divai nyeupe ya pipa dogo lililokuwa mlangoni, naongeza kila Jumatatu, kwa mazoea ya kwetu. Hadithi imekwisha hapo.

Kuja, hapana. Siku ile uani, watu wakiwa na glasi mikononi, ulinitazama usoni ukasema: "Rudi Beaune ukajaze mapipa ya watu." Nilirudi, na nimeyajaza. Tafuta mwonjaji mwingine. Magoti yangu nayo hayataki tena ngazi za ghala lenu.

Étienne Vuillemot


Clos Perrenet, 19 Novemba 1961

Bwana Vuillemot,

Haya, u hali gani. Umeridhika?

Kukataa umekataa, nami nimekusikia. Siandiki kukubembeleza. Naandika kwa sababu jana kumetokea kituko na hapa sina mtu wa kumsimulia ila paka.

Abel alikuja kula. Huja kila baada ya wiki mbili kuhesabu nyufa za ukuta wangu na kuuliza kama kikohozi changu kimezidi. Nikampikia jogoo, nikamwekea chupa mezani. Kumbe nimekosea chupa, nimempa ya kupikia. Unajua ni ipi ya kupikia? Ni ile ya pipa lako la 1927. Tuliitia kwenye chupa hivyo hivyo, kuimwaga baba hakutaka, na miaka yote hii naimwaga mimi kidogo kidogo kwenye sufuria.

Abel akanywa funda moja, akakunja uso: "Odile, hii ni ya jikoni! Unataka kuniua kabla sijakurithi?" Nikainuka kuitoa, akanishika mkono. "Ngoja kwanza." Akanywa tena, akafumba macho. Akasema: "Imekufa, lakini ndani yake mna 1921. Mzee wako alinipa 1921 siku ya harusi yangu. Ile hata kaburini nitaitambua."

Nimecheka sana. Nikamwambia uzee umemfikia ulimini. Divai ya 1921 ilikuwa nyuma ya lango la chuma, na ufunguo wa lango hilo baba aliuvaa shingoni kwa uzi hadi siku tuliyomzika nao, kama alivyotaka. Mwaka 1940 Wajerumani walipokuja tulilificha lango kwa magunia ya viazi, na hata walipoondoka sikulifungua. Nilikuwa nimekula kiapo kuwa 1921 haitanywewa ila siku ya furaha, na siku yenyewe haikujitokeza.

Uliniambia ulichota kwenye pipa dogo la mlangoni, sivyo?

Odile Perrenet


Beaune, 2 Desemba 1961

Bi Odile,

Ndiyo, la mlangoni. Abel Grandclément ana ulimi wa ng'ombe. Mwaka 1932 nilimpa maji ya kuoshea chupa akayasifu.

Sasa niulize mimi. Tangu lini Odile Perrenet akakosea chupa? Wewe uliyekuwa ukisimama juu ya ngazi, hujashuka hata, na kusema kwamba pipa la sita limeanza kuchacha? Divai iliyokufa inanuka kama kitambaa kibichi, na umemmiminia mgeni ukiwa umeishika chini ya pua yako. Umesema umekosea kana kwamba umekosea kijiko.

Nini kimekupata? Niambie kweli. Usinijibu kwa mzaha.

Étienne V.


Clos Perrenet, 20 Desemba 1961

Étienne,

Umenikamata. Nilijua ni wewe utakayenikamata, labda ndiyo maana nilikuandikia.

Mwaka 1957 niliugua ile homa ya mafua iliyopita kila mahali. Nilipoinuka kitandani, nilishuka ghalani na sikusikia kitu. Nilidhani ni makamasi tu. Nikangoja mwezi, nikangoja mwaka. Sisikii harufu ya moshi, wala ya mkate, wala ya mvua kwenye ule udongo wetu wa buluu. Jibini naitafuna kama mshumaa. Divai natengeneza kwa kukumbuka: natazama rangi, nasikiliza pipa, nafuata siku alizofuata baba. Hakuna anayejua. Lucien akijua leo, kesho nimehamia Lyon.

Pipa la 1955 niliweka nikiwa mzima. Ni la mwisho nililolinusa kwa pua yangu, na sijui kama li hai. Nalikaribia kila siku kama mama anayemsikiliza mtoto anavyopumua, na sisikii lolote. Naogopa, Étienne. Nimeshaogopa vita na baridi ya mwezi wa tano, lakini si hivi.

Nakuomba sasa, na unajua mimi si mtu wa kuomba. Njoo unioneshe kama bado ni mkulima au ni kizee kinachojidanganya. Tarehe ni 10 Februari.

Kuhusu Abel, ameishupalia 1921 yake kijiji kizima, na watu wananicheka. Nimemwita mhunzi aje mwaka mpya akate kufuli. Tutafungua chupa moja ya baba mbele yake, aone ilivyo tofauti, anyamaze.

Odile


Beaune, 24 Desemba 1961

Odile,

Naandika haraka ili iwahi posta. Mwambie mhunzi asije. Mwache Abel aseme apendavyo. Kiapo chako ni kizuri, kishike. Usilifungue lile lango, nakuomba. Ukiniheshimu kidogo tu, usilifungue.

Nitakuja Februari. Umesikia? Nitakuja. Ila liache lango.

Étienne


Clos Perrenet, 3 Januari 1962

Étienne,

Barua yako ilifika asubuhi ile ile mhunzi alipofika. Niliisoma nimekaa juu ya gunia la viazi. Kisha nikamwambia akate.

Nilimrudisha Abel nyumbani. Niliingia peke yangu na taa.

Zimelala safu kwa safu kama alivyozipanga, na vumbi lake juu. Niliinua ya kwanza ikawa nyepesi. Nikainua ya pili. Chupa mia na kumi na mbili, Étienne, zote tupu, zote zimezibwa upya kwa kizibo na kurudishwa mahali pake, lebo juu. Nimezitikisa zote, moja moja, kama mwehu. Na kwenye kona palikuwa na jagi la bati.

Ufunguo ulikuwa mmoja, na ulikuwa shingoni mwa mtu mmoja. Wewe hukuwahi kupita lango lile.

Kwa hiyo si wewe. Miaka ishirini na saba nimemchukia mtu ambaye si yeye. Nimepika kwa hasira ile, nimelala nayo, nimekataa wanaume wawili wazuri kwa ajili yake. Ulijua, ukaniacha. Sitaki uungwana wako. Nataka uniambie ulichoona, neno kwa neno, usinifiche hata kidogo.

Odile


Beaune, 9 Januari 1962

Odile,

Haya. Umetaka.

Ilikuwa Januari 1934, siku ya Jumatatu, mara tu baada ya chai ya asubuhi. Nilishuka ghalani kuchukua nyundo. Baba yako alikuwa mbele ya pipa la ndoa, kizibo kimetolewa, anamimina kutoka kwenye jagi. Chini palikuwa na chupa tatu za 1921. Anamimina taratibu, vizuri sana, hajamwaga hata tone, na anaimba.

Nilipiga kelele: "Mzee, unafanya nini?"

Akageuka. Hakunijua. Alivua kofia, Odile. Théophile Perrenet akanivulia mimi kofia, akasema: "Samahani, bwana mkubwa. Limejaa vya kutosha? Kila Jumatatu najaza kama ulivyoniagiza. Usinifukuze, huko kwetu mizabibu yote imekufa."

Ndipo nikaelewa. Unajua alivyopelekwa Beaune ujanani, wadudu walipoua mizabibu yenu yote na hapakuwa na chakula. Miaka mitatu alikuwa kibarua wa kujaza mapipa ya wengine. Alikuwa amerudi huko. Sijui tangu lini, lakini pipa lilikuwa limeshafika kizibo.

Nikamwambia: "Limejaa vizuri, kijana. Nenda kapumzike." Alifurahi kama mtoto. Mchana alikuja mezani akiwa mzima kabisa, akanigombeza kwa kuchelewa.

Nilikuwa na wiki tatu za kukuambia. Kila asubuhi nilisema leo, na kila asubuhi ukaniibia mkate na kunikonyeza, kwa sababu siku ya kufungua pipa ndiyo siku niliyopanga kumwendea baba yako kukuposa. Sikuweza. Hilo ni kosa langu, nalo nalikiri bila kulazimishwa.

Siku ile uani akaonja, akawa mweupe. Akauliza: "Nani?" Meya yuko pale, padre yuko pale, majirani wote. Alitutazama mmoja mmoja. Halafu akaanza kuitazama mikono yake mwenyewe. Aliigeuza, akaitazama viganja. Nikaona anakaribia kukumbuka, mbele ya watu wale wote. Mdomo ukasema "Ni mimi" kabla sijafikiri.

Nilidhani nitakueleza jioni. Kabla ya jioni ulishasema yale ya mapipa ya watu, na mimi nina kiburi kama wewe. Alipofariki mwaka 1936 nilikuwa nimeshaoa, na Léonie alikuwa mwanamke mwema, hakustahili barua za namna hiyo ndani ya nyumba yake.

Sasa unajua. Usimkasirikie mzee. Alidhani anafanya kazi nzuri.

Sijui kama bado unataka nije. Nilipoahidi nilikuwa nalinda siri, na siri imekwisha.

Étienne


Clos Perrenet, 16 Januari 1962

Étienne wangu,

Nimelia siku mbili. Nimemlilia baba akivua kofia. Nilimwosha, nikamlisha, nikamwitikia jina la mama mwaka wake wa mwisho wote, na bado haikunijia akilini kwamba yalikuwa yameanza kabla. Nilihitaji mkosaji, nawe ulikuwa wa Beaune, ukatosha. Kumbe mazoea ya Beaune yalikuwa ya baba.

Niliyosema uani nayafuta. Nimeyafuta pia mbele ya watu. Jumapili baada ya ibada nilisimama kwenye ngazi za kanisa nikawaambia wote waliobaki tangu siku ile, nao ni saba tu: "Étienne Vuillemot hakuligusa pipa letu, na mimi nilimkosea." Sikumtaja baba. Abel akauliza kwa sauti, "Nilisema au sikusema?" Nikamwambia amesema, afunge mdomo.

Nisamehe. Sikuandikii tena kwa ajili ya pipa. Lucien akitaka kuuza na auze, nitaishi na mabomba ya moshi. Njoo tu. Treni inafika saa nne asubuhi. Nitakuwa stesheni na zile zile kelele zangu. Nitakushika mkono kwenye ngazi, na wewe utaninusia dunia.

Odile


Clos Perrenet, jikoni, 12 Februari 1962

Odile,

Barua hii haina stempu. Umekwenda kumsindikiza Lucien stesheni, nami nimeamka nikakuta mkate mezani umekatwa ncha. Ushuru, bila shaka.

Naandika kwa sababu juzi usiku ulinitazama kwa jicho fulani, nami najua unawaza nini. Unawaza: huyu alishawahi kusema uongo mbele ya pipa ili kumwokoa Perrenet mmoja, amesema tena kumwokoa wa pili. Nilipoonja na kusema "li hai", wewe hukutazama glasi. Ulinitazama mimi.

Basi usiniamini mimi. Mkumbuke Abel. Abel aliyelitamani shamba hili tangu akiwa na meno yote alionja baada yangu, akaweka glasi chini, akavaa kofia, akasema "Mungu wangu, nimeshalikosa," akatoka hajaaga. Na Lucien, asiyejua divai na siki, alinyoosha glasi mara ya pili kabla hajakumbuka kwamba anataka kuuza. Hao hawakuwa na sababu ya kukufurahisha. Pua yako imekuacha lakini mikono haijakuacha. Kama unataka kujua inanukaje: inanuka kama jikoni hili mwaka 1931, mama yako akiwa amefungua mlango wa oveni.

Nimeshuka ghalani, ngazi moja moja, mikono ukutani. Nimehamishia divai ya 1961 kwenye lile pipa la zamani la ndoa, ambalo fundi amelitengeneza upya. Nimeacha nafasi ya kiganja kimoja juu, nimegonga kizibo. Litafunguliwa 1968. Nitakuwa na miaka sitini na saba na magoti ya mia moja. Sitaligusa, na wewe hutaligusa, na ghala halina tena ufunguo wa shingoni. Ule wa kufuli jipya nimeutundika kwenye msumari karibu na jiko, kila mtu auone.

Baba yako aliandika juu ya lile la 1927 kwa chaki: "Kwa ndoa ya Odile." Juu ya hili sijaandika kitu. Chaki iko kwenye rafu. Andika wewe.

Niko mistari ya juu, napogoa.

Étienne

(Chini yake, kwa mwandiko mwingine:)

Nimeandika. Nimeandika "1968, ya kunywa tu." Ndoa haingoji miaka sita na miezi mitatu, mjinga wewe, imeshangoja ishirini na minane. Nimepita kwa padre nikitoka stesheni. Alhamisi yuko nyumbani.

Teremka, supu inapoa.

O.